Theluji ya Mpare

Guangzhou ni mji unaouza kila kitu, kuanzia vifungo vya shati hadi injini za boti. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho Eliakimu hakukipata pale, si kwa jumla wala kwa rejareja: namna ya kumwambia mtani wake kwamba anampenda, na mtani huyo akaamini.

Aliyekulia mbali na kaskazini ya Tanzania atauliza ugumu uko wapi. Mtu akimpenda mtu si amwambie? Haya, mwambie! Eliakimu alikuwa Mpare wa Gonja, kule milimani Same. Anastazia alikuwa Mchaga wa Marangu, chini ya mlima Kilimanjaro. Mpare na Mchaga ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ana ruhusa ambazo hata ndugu hana. Akikwambia una kichwa kikubwa, huwezi kununa. Akiingia msibani kwako akaanza kumkejeli marehemu, huwezi kumtoa nje. Na akikwambia anakupenda, unacheka mpaka unashika mbavu, halafu unamrudishia neno kali zaidi. Ndivyo ilivyo.

Alikuwa ameshamwambia mara mbili. Mara ya kwanza walikuwa wanafunga marobota ya majaketi nyuma ya soko la jumla la Guangyuan Xilu, yeye kashika kamba, Anastazia kabana selotepu kwa meno.

"Anastazia," akasema, "mimi nataka nikuoe."

Anastazia akaitoa selotepu mdomoni. "Mahari utalipa, au utanipeleka mahakamani kwanza tukabishanie bei?"

Maana Wapare wana sifa hiyo ya kupenda kesi. Watani wao wanadai Mpare yuko radhi auze ng'ombe kugharamia kesi ya kuku. Wabeba mizigo wa Kichina waliokuwa pembeni hawakuelewa hata neno moja lakini nao wakacheka. Na Eliakimu, badala ya kusimama kiume na kusema tena, naye akacheka! Hapo ndipo mtu anapotamani kumchapa kofi. Akajibu kwamba Mchaga halipiwi ng'ombe, unadondosha sarafu karibu na sikio lake naye anakufuata mwenyewe. Posa ikaishia hapo, wakaendelea kufunga marobota.

Mara ya pili ilikuwa kwenye ngazi za hoteli yao, kwenye kichochoro cha Zhanqian Road, walikokaa wafanyabiashara wengi wa Kitanzania. Safari hii alijiandaa. Alivaa shati safi. Alisema, "Dada Anastazia, leo nasema kweli tupu: nakupenda."

"Mpare akisema kweli ujue anaumwa," Anastazia akasema, akamgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono. "Mh! Joto lipo. Kanywe dawa ulale."

Mkono ule ulikaa pajini kidogo zaidi ya ilivyohitajika kwa utani, au ndivyo Eliakimu alivyojidanganya baadaye kitandani. Pale ngazini hakujidanganya wala hakufikiri. Alicheka tu.

Basi mwaka ule wa tisini na tisa, Novemba, Anastazia akatangaza kwamba anarudi nyumbani moja kwa moja. Alitangaza mezani, mbele ya Watanzania wenzao, kwa sauti ileile ya kutaja bei ya mchele. Kaka yake amepata fremu ya duka Arusha, naye amechoka kuishi na masanduku. Halafu kuna mtu mmoja wa Machame, mhandisi, anataka kuja kujitambulisha kwao Krismasi. Watu walikuwa wanasema ni mtu wa maana.

"Mhandisi wa nini?" Eliakimu akauliza.

"Wa madaraja."

"Ajenge la kuvukia ulimi wako," Eliakimu akasema, na meza nzima ikacheka, na yeye moyo ukamwenda chini mpaka kwenye viatu.

Huo ndio uliokuwa mzigo wake. Tiketi ya Anastazia ilikuwa ya Jumanne ya mwisho wa mwezi, na kabla ya Jumanne hiyo ilikuwa lazima amwambie kwa namna ambayo hataicheka. Akishindwa, daraja la mhandisi litajengwa.

Ndipo akaja Tom.

Tom alikuwa kijana wa Kikanada, mrefu, pua imebabuka kwa jua la theluji, aliyekuja sokoni kushonesha majaketi ya wenzake kwa bei ya chini. Yeye na rafiki zake walikuwa wanatengeneza picha yao wenyewe ya video, bila kampuni na bila tajiri. Miezi mingine waliosha vyombo mahotelini, miezi mingine walipanda milima na kamera mgongoni wakashuka kwenye theluji juu ya mbao. Alienda katika duka ambalo Eliakimu na Anastazia walikuwa wateja wake wa siku nyingi, la mama mmoja wa Kichina mwenye sauti ya king'ora ambaye wote walimwita Laoban, yaani bosi. Ili Laoban aone jaketi linatakiwa likae vipi mwilini, Tom akatoa mkanda, ukawekwa kwenye deki ya dukani, na biashara ikasimama.

Katika picha ile hakuna aliyepigana wala aliyebusiana. Watu walikuwa wanashuka mlima, basi. Mmoja kasimama juu ya mbao mbili nyembamba, fimbo mkononi. Mwingine kafungwa miguu yote miwili kwenye ubao mmoja mpana. Na theluji inafumuka nyuma yao kama unga mashineni. Mmoja alifika ukingoni mwa genge, na badala ya kurudi kama mtu mwenye wazazi, akaruka. Laoban akaziba macho. Eliakimu alisahau kufumba mdomo.

"Funga, inzi wataingia," Anastazia akamwambia. "Theluji hiyo ni mali yetu sisi. Ninyi Same mnaiona kwa mbali, tena mawingu yakiwaruhusu."

"Wewe umewahi kuikanyaga?"

"Niikanyage ya nini? Nimezaliwa chini yake. Wanaopanda ni wageni, wanalipa. Unataka Mchaga apande bure?"

Tom alipokaribia kuondoka alimwachia Eliakimu ubao wake mmoja wa zamani, mpana, uliopasuka nchani, maana mizigo ilimzidi. Akamwonyesha namna ya kukunja magoti. Akamwambia jambo la muhimu ni kutazama unakotaka kwenda, si unakoogopa kwenda. Eliakimu aliitikia kwa kichwa. Kiingereza cha Tom kilipita kasi, na huenda alishika nusu tu.

Jioni ile, kwenye chumba cha mama Dorothea, mwanamke wa Bukoba aliyekuwa akiwapikia Watanzania wote wa ghorofa ile, Eliakimu akasimama na ubao wake kwapani.

"Natengeneza picha," akasema. "Picha ya theluji. Inaitwa Mchaga Aliyepotea Kwenye Mlima Wake Mwenyewe. Mchaga amepanda kutafuta hela aliyoidondosha, amepotea, analia. Anatokea steringi, shujaa mwenyewe wa picha, kijana wa Kipare, anateremka na ubao, anamwokoa."

Chumba kililipuka. Mama Dorothea alilazimika kuweka mwiko chini. Anastazia alicheka akafuta machozi kwa kanga, kisha akauliza, "Na theluji utaitoa wapi? Guangzhou hii hata barafu ya soda meyo." Meyo ni neno la kwanza mgeni yeyote analojifunza sokoni: hakuna, hamna, usinisumbue.

"Theluji niachie mimi. Wewe utakubali kupotea?"

"Nitapotea," Anastazia akasema. "Lakini nitapotea vizuri, nimevaa."

Hakuna aliyejua hila iliyokuwa ndani ya ule upuuzi. Eliakimu alikuwa amewaza hivi: mtani anachekwa, lakini nani alishamcheka steringi? Steringi akishamwokoa msichana, anamwangalia machoni, anasema neno lake, na watu wote wananyamaza. Basi atalisema lile neno mbele ya kamera, juu ya mlima, na Anastazia kwa mara ya kwanza atalisikia kama neno. Ilikuwa hila ya mtu aliyezidiwa, lakini mtu aliyezidiwa hana nafasi ya kuchagua hila.

Mlima ulipatikana kirahisi. Nyuma ya soko kulikuwa na mteremko wa mabati uliotoka ghorofa ya tatu hadi uani, ambao wabeba mizigo waliutumia kushushia marobota. Robota linawekwa juu, linasukumwa kwa mguu, linateremka likiguna mpaka chini, ambako mwenzao analidaka kwa ndoano na kulivutia kwenye toroli. Mkuu wa wabeba mizigo, bwana mmoja mfupi aitwaye Huang, aliangalia ule ubao, akamwangalia Eliakimu, akaangalia tena mteremko. Akakubali kuwaachia alasiri moja, kwa sharti moja: yeye na watu wake nao waonekane katika picha. Eliakimu akawapa kazi ya kuwa poromoko la theluji. Steringi akishaanza kushuka, wao watasukuma marobota yamfukuze kwa nyuma.

Theluji yenyewe ilitoka kwa Laoban. Kiwanda chake cha majaketi kilikuwa na magunia ya manyoya ya bata, yale mabovu yaliyokataliwa, naye akayatoa bure ili mradi wote wavae majaketi yake na lebo zisikatwe. Mabati yakatandikwa bitana nyeupe, bitana ikamwagiwa maji ya sabuni. Fundi wa mbao wa kichochoroni akachonga mianzi miwili mirefu, mbele imepinda, ya Anastazia kusimamia. Feni kubwa la godauni likaazimwa kwa ajili ya tufani.

Kamera ilitoka kwa Mbarak, Mzanzibari aliyewanunulia vifaa vya umeme wenye maduka wa Darajani, Unguja, na kupiga picha akapiga mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu. Kamera ilikuwa mpya ndani ya nailoni yake, na nailoni hakuitoa, aliitoboa tundu tu mbele.

"Mzigo wa mtu huu, yakhe," akasema. "Ukiingia unyoya mmoja humu, miye n'takwenda sema nini Darajani?"

"Utasema ni theluji."

"Wallahi hamna akili nyie watu wa bara."

Alasiri ya kupiga picha, nusu ya soko ilikuja kutazama. Anastazia alisimama juu kabisa ya mteremko, ghorofa ya tatu, amevaa jaketi jekundu, lebo inaning'inia kwenye kola, miguu juu ya mianzi yake, na amepaka rangi ya mdomo. Alikuwa mzuri kupita kiasi. Eliakimu alipomwona alisahau alikuwa anatakiwa aingie kutoka upande gani, Mbarak akamfokea.

Walianza na sehemu ya uokoaji, kwa kuwa Eliakimu aliogopa kwamba akishateremka huenda asiwe na miguu ya kupandia tena. Akamwendea Anastazia katikati ya manyoya yanayopepea. Feni lilinguruma kama lori bovu, kwa hiyo alilazimika kupaza sauti, na neno la mapenzi likisemwa kwa kupaza sauti linapungua kidogo.

"Anastazia!" akapiga kelele. "Nimekutafuta mlima mzima! Nataka twende nyumbani pamoja, mimi na wewe, tusiachane!"

Akamwangalia machoni. Hakucheka. Alijikaza kisabuni mpaka taya zikamuuma.

Anastazia alimtazama. Kwa kitambo kidogo midomo yake haikuwa na kejeli yoyote, na Eliakimu alihisi mlango unafunguka. Halafu unyoya ukamtua Anastazia puani, akapiga chafya, na alipoinua kichwa alikuwa mtani yuleyule.

"Kwa nauli ya nani?" akapiga kelele naye.

Watanzania wote uani wakavunjika mbavu. Mbarak alicheka mpaka kamera ikatikisika. Laoban akauliza amesema nini, akaambiwa, akacheka kuliko wote. Na Eliakimu safari hii hakucheka, ila hakuna aliyeona, maana uso wake ulikuwa umejaa manyoya.

Basi akajifunga kwenye ubao. Alikuwa na hasira na feni, na unyoya, na mababu wote walioanzisha utani bila kuwafikiria wajukuu. Alimwashiria Huang kwamba yuko tayari. Akakunja magoti.

Mwanzo ilikwenda vizuri ajabu. Waliokuwepo wanasema kwa sehemu kubwa ya mteremko Mpare yule alionekana kama mtu aliyezaliwa kwenye theluji, mikono kaitanua, bitana inalia chini yake, na wauza nguo wa Guangyuan Xilu wakamshangilia. Tatizo ni kwamba watu wa Huang walikuwa wafanyakazi hodari. Walitakiwa wasukume robota moja, wangoje kidogo, wasukume jingine. Lakini walikuwa hawajawahi kupigwa picha maishani, na kila mmoja alitaka robota lake lionekane. Wakayasukuma yote kwa mpigo.

Eliakimu alisikia mguno nyuma yake na akafanya lile Tom alilomkataza: akageuka kutazama anachokiogopa. Ubao ukakaa upande. Yeye akaenda kichwa mbele, robota la kwanza likamkuta chini, la pili likapanda juu ya la kwanza, gunia la manyoya likapasuka, na uwanja mzima ukawa mweupe. Mbarak akaitupa kamera juu ya marundo ya maboksi akakimbia nje ya ua pamoja na watazamaji wote. Eliakimu hakuyajua hayo. Jambo la mwisho alilolijua ni harufu ya bata.

Alipofumbua macho alikuwa amelala uani, manyoya mdomoni, mbavu zinauma, na Anastazia amesimama juu yake, mikono kiunoni.

"Amka," alikuwa anasema. "Mpare hafi bure. Lazima kwanza afungue kesi adai fidia."

Watu, waliokuwa wamerudi uani, wakacheka kwa faraja. Huang akamwinua, akampangusa, akamwomba radhi kwa Kichina kirefu. Daktari wa zahanati ya jirani alimgusa mbavu akasema hakuna kilichovunjika. Lakini kuna kitu kilikuwa kimevunjika ambacho daktari hakukigusa. Mtu amefukiwa chini ya marobota, anazinduka, na neno la kwanza analopewa ni mzaha! Eliakimu akajiambia imetosha. Mwanamke huyu hamtaki, na kama anamtaka, anamtaka kama mtu anavyotaka redio, imchangamshe akiwa anafunga mizigo. Mara ya nne hatasema. Iliyobaki ni kumbebea masanduku hadi uwanja wa ndege wa Baiyun, kumpungia mkono, na kumwombea heri yeye na madaraja yake.

Aliutazama ule mkanda mara moja tu, peke yake. Ulipofika alipoanza kuanguka, kioo cha televisheni kikawa cheupe, cheupe tu, manyoya matupu. Akangoja kidogo, akaona ndio mwisho, akazima. Hakutaka hata kuuonyesha. Lakini mama Dorothea alishawaalika watu.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya safari. Ibada waliifanyia chumbani kwa mama Dorothea kama kawaida, na baada ya ibada Mbarak akaja na kuku aliowanunua mwenyewe kwa mchinjaji Mwislamu, pilau likaliwa, halafu pazia likafungwa na watu wakajipanga juu ya vitanda na marobota. Anastazia alikaa karibu na mlango, miguu kaikunja, tayari kwa kejeli.

Picha ilipoanza kila mtu aligundua kasoro yake. Feni! Feni lilikuwa limemeza kila sauti. Watu walikuwa wanafumbua midomo na kinachosikika ni ngurumo.

"Mkalimani!" mtu akapiga kelele kutoka kitandani. "Mkalimani! Mkalimani!"

Maana kwetu, kwenye vibanda vya video, picha ya Kichina au ya Kihindi haitazamwi hivihivi. Anasimama mkalimani kando ya televisheni na kipaza sauti, anawasemea watu wote waliomo, wanaume kwa wanawake, na akikosa kujua wanasema nini anatunga. Eliakimu hakuwa na moyo wa kutunga kitu siku ile. Lakini walimsukuma mbele, wakampa rimoti aishike kama kipaza sauti, naye akafanya kazi.

Akaifanya vizuri, kwa kweli, vizuri kuliko alivyotaka. "Huyu sasa ndiye Mchaga wetu," akasema kwa sauti nzito ya vibandani. "Amepotea. Mlima ni wake, lakini hajawahi kuupanda. Anauliza njia. Anaambiwa kuuliza ni bure, anashangaa, anauliza mara mbili." Watu wakapiga vigelegele. Lilipofika lile neno lake la uokoaji, aliliruka. Akasema, "Hapa steringi anaomba maji ya kunywa." Aliona kwa pembe ya jicho kwamba Anastazia amemwangalia haraka, kisha ametazama chini.

Halafu mteremko. Halafu marobota. Chumba kizima kilipiga ukelele. Kioo kikawa cheupe.

"Na hapo," Eliakimu akasema, "ndipo theluji ilipommeza Mpare. Mwisho."

Lakini rimoti ilikuwa mkononi akiifanya kipaza sauti, hakubonyeza kitu. Mkanda ukaendelea. Kamera, pale juu ya maboksi ilipotupwa, haikuwa imezimwa. Ilikaa upande, kwa hiyo uwanja ulionekana umeinama, na polepole manyoya yakaanza kutua.

Akaonekana mtu mwenye jaketi jekundu. Alikuwa ameteremka mabati yote kwa makalio, ile mianzi imemponyoka huko juu. Alikuwa analivuta robota kwa mikono miwili, peke yake, robota ambalo wabeba mizigo hulibeba wawili. Lilipogoma alilipiga ngumi. Akina Huang wakafika wakalitoa. Anastazia akapiga magoti juu ya manyoya, akakiweka kichwa cha Eliakimu mapajani, akawa anampangusa uso na kusema kitu. Anasema na kusema, machozi yanamtiririka, rangi ya mdomo imefika shavuni. Na kinachosikika ni feni tu.

Watu wote wakamgeukia mkalimani awaambie mwanamke yule anasema nini.

Eliakimu alifumbua mdomo. Alikuwa na maneno ya kumkejeli Mchaga ya kutosha maisha mawili, na hakupata hata moja. Alikuwa anamtazama yule mwanamke wa kwenye kioo kama mtu anayesikia anaitwa jina lake katika umati wa wageni.

Anastazia akainuka mlangoni. Akapita katikati ya miguu ya watu, akafika mbele, akaichukua rimoti mkononi mwake.

"Hapa," akasema, na alijaribu sauti ya vibandani lakini haikukubali, ikatoka sauti yake mwenyewe, "hapa huyu mwanamke anamwita Eliakimu. Hamwiti Mpare. Anamwita jina lake, mara nyingi. Sasa hapa anasema na Mungu. Anamwambia, Baba, usinichukulie huyu mtu. Aliniuliza jambo mara mbili nikacheka. Leo kaniuliza mara ya tatu nikacheka tena. Niachie nimjibu kwanza, halafu…" Akaishika rimoti kwa mikono miwili. "Anasema, halafu hata baada ya kumjibu usimchukue. Niachie tu."

Mama Dorothea alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa kanga.

Kwenye kioo, kichwa cha mtu aliyelala kikasogea. Yule mwanamke akashtuka, akakilaza taratibu juu ya manyoya, akajifuta macho kwa mikono yote miwili, akasimama, akaweka mikono kiunoni.

"Na hapa," Anastazia akasema, "hapa anaanza uongo. Kwa sababu anaogopa. Anajiambia, labda huyu naye anatania tu. Kila akisema, namcheka, naye anacheka. Nitajuaje?"

Kioo kikawa cha buluu. Mkanda ulikuwa umekwisha. Hakuna aliyeinuka kufungua pazia.

"Mimi sikuwa natania," Eliakimu akasema. "Hata siku moja."

"Basi jibu ni ndiyo," Anastazia akasema.

Mbarak, ambaye kwao hawana habari na Wapare wala Wachaga, akaangua kicheko kikubwa, akidhani ni utani uleule, akingoja wenzake wamfuate. Hakuna aliyemfuata. Akamtazama Eliakimu, akamtazama Anastazia, akaona hakuna kati yao anayecheka, naye polepole akanyamaza.